Mama Mkwe Kwenye Pedali ya Breki

Mume wangu hajawahi kupeleka gari gereji kwa hiari yake. Uani kwetu hapa Gisenyi jeki ilikufa zamani, gari huinuliwa kwa gogo la mkaratusi. Spana kubwa imerefushwa kwa kipande cha bomba la maji, na chochote kinachotaka kuachana na mwenzake hufungwa kwa mpira wa baiskeli. Mimi nilikulia Tanzania kabla wazazi wangu hawajarudi kwao huku, na baba yangu alikuwa mtu wa kuita fundi hata kwa balbu. Basi nilisema weee, nikachoka. Wanaume wengine wanalala baa, huyu wangu analala chini ya gari. Afadhali.

Kisha mama yake akapata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, tukamleta kwetu. Huyu mama alivuka mpaka kwenda Goma kila siku ya maisha yake, na nyanya kichwani, na dada yake mkubwa anakaa huko ng'ambo, mzee asiyetoka tena nyumbani. Wawili hao hawakuwa wamezoea kupitisha juma bila kuonana. Tulipomwambia tutamvusha kwa kigari cha wagonjwa, akakataa katakata. Alisema hapiti Grande Barrière, lile lango la mpakani, akisukumwa kama gunia la viazi mbele ya wauza nyanya wenzake. Atapita kwa miguu yake au hapiti. Na mazoezi aliyopewa hospitali hakuyagusa, eti ni michezo ya watoto. Akawa anakaa barazani akiangalia ukuta, na mume wangu akimwangalia yeye, na mimi nikiwaangalia wote wawili roho ikiniuma.

Jumamosi moja breki za gari zikawa laini, pedali inazama mpaka chini. Mume wangu akaamua kutoa mwenyewe upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki. Akainua gari kwa gogo lake, na kwa haraka zake akaweka chini mawe aliyoyang'oa kwenye ukuta wetu. Sasa mawe ya hapa ni ya volkano, mepesi, yana matundu matundu, sisi wanawake tunasugulia visigino. Hata dakika mbili hazikupita, jiwe likaanza kumumunyika na gari likainama upande, taratibu, kama ng'ombe anayelala. Nashukuru Mungu alikuwa bado hajaingia chini. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo nimpe yake, nikasikia kicheko barazani. Mama mkwe! Tangu atoke hospitali hakuwa amecheka.

"Majiwe ya volcan njo unaweka chini ya voiture?" akamuuliza mwanawe. "We ulizaliwa wapi?"

Mume wangu akaomba radhi, akaleta vipande vya gogo. Ili kutoa upepo lazima wawe watu wawili: mmoja yuko chini, anafungua kiskrubu kidogo nyuma ya gurudumu, mwingine anakanyaga pedali na kuishikilia mpaka aambiwe aachie. Kwenye kiskrubu alichomeka mrija wa dripu, ule ule wa mama yake, aliokuwa ameuosha na kuutunza kwa sababu hatupi kitu. Mrija unaingia kwenye chupa, na mapovu yakionekana unajua hewa bado imo. Mkanyagaji nilikuwa mimi, na kusema kweli subira sina. Nilikuwa naachia kabla sijaambiwa, hewa inarudi, tunaanza upya. Mama mkwe akavumilia wee, mwisho akasema nitoke hapo, nina haraka mingi. Tukamshika mimi na mume wangu, tukamkalisha kwenye usukani. Mguu wa kulia aliuinua kwa mikono miwili akauweka juu ya pedali, na ulipokataa kushuka akausukuma kwa kukandamiza goti. Kazi ya nusu saa ikatuchukua mchana mzima. Usiku ule alikula akamaliza sahani.

Jumamosi iliyofuata mume wangu akatangaza kwamba breki bado. Na iliyofuata tena. Jamani, nikasema, hili gari lina breki au lina mapafu? Nikainama mwenyewe nikaangalia chupa. Hakukuwa na povu hata moja, mafuta yametulia safi kabisa. Nikamvuta mtu wangu jikoni nikambana, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye grisi. Breki zilipona tangu siku ya kwanza, akaninong'oneza. Sasa alikuwa anakifunga kile kiskrubu kabisa, pedali iwe ngumu, halafu anamwambia mama ashikilie, ashikilie, na kila Jumamosi anachelewesha kidogo kumwambia aachie. Nilimpenda mume wangu siku ile kuliko siku ya harusi, na nilimwambia hivyo hivyo, pamoja na grisi yake mdomoni.

Mguu ukapata nguvu. Mama akaanza kwenda mpaka lango na fimbo, kisha bila fimbo. Jumamosi moja mume wangu akachelewa kurudi kutoka Rubona kwa sababu ya mvua, mama akaniomba nimfungulie gari. Akaingia mwenyewe, akaanza kukanyaga na kushikilia, kukanyaga na kushikilia. Nikamwambia mama, chini hakuna mtu.

"Mi najua," akasema, mguu wake haukusimama. "Freins iliisha kupona zamani. Lakini nikimuambia vile, mutoto wangu atanifanyia nini tena? Unyamaze, mukazana."

Nikarudi zangu jikoni. Mimi mkamwana wake, na mdomo wangu huu! Nikawa nabeba siri mbili katika nyumba moja.

Siku yake ya kuvuka ilipofika tulimpeleka mpaka karibu na Grande Barrière. Alivaa kitenge kipya, akamkataza mwanawe kushuka garini. Tukamtazama akipanga foleni na watu, akaonyesha karatasi zake, akaingia ile nafasi ya katikati ya nchi mbili. Hapo akasimama. Mume wangu akafungua mlango atimue mbio, nikamkamata shati. Mama alivuta pumzi tu, akajifunga kitenge vizuri, akaendelea mpaka wauza nyanya wa upande wa pili wakamzunguka na hatukumwona tena.

Mume wangu alilia wazi wazi, mikono juu ya usukani. Nikadhani ni furaha, na ilikuwa furaha. Halafu akajipangusa kwa mkono wa shati.

"Sasa Jumamosi nitamfanyia nini?" akaniuliza.

Tulikuwa tumeegesha kwenye mteremko kwa breki ya mkono na gari halikusogea hata unywele. Nikamwambia breki ya mkono naona imeanza kulegea, amwite mama waiangalie.