Neno la Siri la Bonaventure

Bonaventure alizilinda kompyuta tatu za ofisi ya misaada pale Baraka kama mtu alindavyo ghala la maharage. Yeye peke yake ndiye administrateur, mwenye mamlaka juu ya mashine, yeye peke yake alijua neno la siri, ile mot de passe. Marthe, mwandishi wa orodha, alimwomba hadi akachoka. Kila asubuhi mashine zilitafuta masasisho ya programu zenyewe, zikaanza kuyavuta, na intaneti ya setilaiti, yenye kipimo kidogo kwa siku, ikaisha kabla ya saa tatu. Kuzizuia kulitaka ruhusa ya administrateur. Bonaventure alikuwa akija, anafunika kibodi kwa kofia, anaandika, anaondoka na kicheko chake. Baada ya siku mbili, mambo yaleyale.

Septemba 2017, risasi zilipokaribia, alipanda mtumbwi na mkewe mpaka rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba, kwa wakwe. Neno la siri akaenda nalo kichwani.

Marthe alibaki. Watu waliokimbia vita walishuka kutoka Fizi wakalala madarasani, naye akawaandika: familia mia nne na sita. Boti ya mahema na unga ingepakiwa Kalemie kwa orodha hiyo, nayo orodha ilitakiwa ifike huko Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Jumatatu aliituma, ikakwama. Jumanne aling'oa kebo za mashine mbili. Iliyobaki ikala intaneti yote peke yake. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa, ofisi nyingine zina makufuli, simu za Ubwari hazishiki. Jumatano akampa mama Félicité, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, anayevuka kila siku, barua ya kumwomba Bonaventure neno la siri.

Alhamisi asubuhi jibu likaja: «Mama Marthe, ngojea nirudi. Mot de passe haipitake mu mikono ya batu. Mi njo administrateur.»

Marthe alitukana, yeye mwimbaji wa kwaya. Kulikuwa na jambo alilomficha Bonaventure kwa heshima. Kwao, habari ya mzazi kuteseka haitumwi kwa karatasi. Hupelekwa na mtu, taratibu, baada ya salamu. Lakini heshima ingemfaa nani sasa? Akaandika bila salamu: «Maman yako Marie ni numéro kumi na saba ku liste. Analala chini mu classe.»

Ijumaa hakuiwasha intaneti, isije ikaisha bure. Alikaa kizingitini akiitazama njia ya ziwani. Saa tatu na nusu Félicité akafika, akafungua fundo la kitenge, akatoa kikaratasi: herufi nane tu. Marthe akaziandika, akazima utafutaji ule wa masasisho, akatuma. Saa tano orodha ilikuwa imekwenda. Alilia kidogo, kisha akaenda kunywa chai.

Baada ya wiki mbili Bonaventure alirudi, akamkuta mama yake ndani ya hema. Akaja ofisini kofia mkononi.

«Aksanti, Mama Marthe.»

«Papa Bona, kama maman hakukuwa ku liste, ungetuma mot de passe?»

Bonaventure akaketi, akaandika neno la siri kibodi ikiwa wazi, akaliongeza jina la Marthe kati ya maadministrateur, akamwonyesha pa kubonyeza.