Tulipokwenda Kumtafuta Mdogo Wangu

Mimi ndiye msomaji wa shirika letu, hapa Bel-Air, mjini Lubumbashi. Shirika ni zile nyumba chache za Wakatoliki wa avenyu moja au mbili, wanaokutana kusali kila Alhamisi jioni, leo kwa huyu, Alhamisi ijayo kwa yule. Zamani, niseme ukweli, kusali kulikuwa kidogo. Tulikuwa tunagombana juu ya kikwembe cha sikukuu, tuvae rangi gani, kisha Baba Yetu, kisha kila mtu kwake. Padri mpya alipofika alikataa mchezo huo. Alisema Kanisa linafanywa upya kila siku na Neno, la sivyo linabaki chama cha watu wenye nguo zinazofanana. Tangu hapo tukawa na utaratibu: Injili inasomwa mara tatu, polepole, kila mtu anasema neno lililomgusa, halafu tunaulizana, Neno hili linatutuma wapi? Na linakotutuma, tunakwenda, ili walio nje waone kwamba hatusomi bure.

Nilipenda. Mtu asidhani nilikuwa mpinzani. Tuliposoma habari ya mgonjwa, tulikwenda kumfulia nguo mzee mmoja aliyepooza, na binti zake, ambao misa walikwisha kuisahau, wakaanza kuja. Tulirudi tukicheka njia nzima. Nikajiambia, ehee, hii sasa ndiyo dini.

Kisha ikafika zamu ya mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja. Nilipofunga Biblia, mama prezidenti wetu, mwanamke wa moyo safi na masikio mazito, akasema, "Siye pia tuko na mumoja." Wote wakanigeukia mimi.

Huyo mmoja ni mdogo wangu wa tumbo moja. Anakaa avenyu ya tatu kutoka kwetu na mume wake, dereva wa kamyo, lori la mizigo, kwenye barabara ya Kilwa ya huku kwetu Katanga, ile inayopindua magari kila masika. Alizaa mtoto wa kiume, mtoto akaishi siku chache, akafa kabla ya kubatizwa. Shirika halikuja kwenye kilio. Haikuwa roho mbaya. Walikuwa wamezoea hivyo tangu kwa wazee wao, kwamba asiyebatizwa haimbiwi. Mimi nilikuwepo, niliimba peke yangu, sauti ikanikatikia katikati ya wimbo. Tangu siku ile mdogo wangu hajaweka mguu kanisani. Na kitu nilichokitaka kuliko vyote ni arudi, tupige magoti pamoja kama tulivyokuwa kwa mama yetu.

Kwa hiyo niliwaomba. Niacheni niende mimi kwanza, au twende wawili, kimya kimya. Mama prezidenti akaniuliza kama yule mchungaji alimfuata kondoo wake kwa kujificha. Mwingine akasema Neno likishasomwa halibishaniwi, na aliyelisoma ni mimi mwenyewe. Nikaenda kuvaa kikwembe changu, na hasira yangu.

Tukatoka wote tumevaa kikwembe cha shirika, ngoma mbele, tukiimba. Sasa mtu wa Lubumbashi anisaidie hapa: ni lini shirika zima linaingia kwa mtu jioni, nguo moja, wimbo mdomoni? Siku ya kilio. Sisi wote tunalijua hilo, ndivyo tunavyofanya miaka yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria.

Majirani walitoka mikono kichwani. Mzee fundi cherehani wa ng'ambo ya njia, Mwislamu wa watu wa Maniema, alikuwa tayari anabeba viti vyake kutuletea, kama alivyovileta kwenye kilio cha yule mtoto bila kuuliza alibatizwa au hakubatizwa. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti. Mdogo wangu akafungua mlango, akatutazama uso kwa uso, mmoja mmoja, akasema, "Kamyo imeanguka." Kisha akaanguka yeye.

Weee! Nilisukuma watu. Nilimshika pale chini, kwenye vumbi, nikimwambia hapana, mume wako ni mzima, hakuna aliyekufa. Hakunisikia. Ngoma ilikuwa bado inapigwa, maana mpigaji alikuwa amefumba macho kwa ibada. Tukampigia mume simu. Rezo ya simu kwenye barabara ile mnaijua wenyewe. Tuliita, tukaita. Ilipokubali, na mdogo wangu akasikia sauti ya mtu wake ikiuliza kuna nini huko, ndipo alipopumua.

Nilidhani atatufukuza, na ningemshukuru. Badala yake alijifuta vumbi, akatukalisha kwenye viti vya fundi, akatuletea maji ya kunywa. Akauliza tumekuja kufanya nini. Mama prezidenti, machozi yakimtoka, akamwambia tumekuja kumtafuta yeye, akanigeukia, akaniambia nisome. Nikasoma tena habari ya yule mchungaji. Ikafika saa ya kila mtu kusema neno lililomgusa. Mmoja akasema, furaha. Mwingine akasema, mabegani. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, akauliza:

"Na mutoto yangu? Ule muchungaji alimutafuta, ao hapana?"

Nilitazama ukurasa kama mtu atakayeona kitu kipya hapo. Mama prezidenti akasema hilo lazima tumuulize Padri.

"Basi mumuulize," mdogo wangu akasema, bila hasira. "Mukipata jibu, mukuje. Lakini mukuje bila kuimba."

Alhamisi iliyofuata tulikutana tena, tukasoma Injili nyingine. Nikauliza nani amemuona Padri. Mama prezidenti akasema Padri ana kazi nyingi, halafu, kwa sauti ndogo, akaniuliza: akisema hapana, nani atampelekea mdogo wako hiyo hapana? Mimi mwenyewe nimefika hadi mlangoni kwa Padri, nikageuka. Naogopa lile lile. Tangu siku ile tumefika hadi Lukafu, safari ya mbali, kupeleka Neno kwa watu tusiowajua, lakini kwa mdogo wangu bado hatujarudi.