Gasketi ya Tatu

Katika nyumba ile kila mtoto aliota mbawa isipokuwa Kitinda. Wakubwa walioa na kuolewa, wakahamia mbali, wakabaki kutuma salamu na ushauri, vitu ambavyo havilipiwi nauli. Yeye, kitinda mimba, akaachiwa baba, na jina hilo la utani likamganda hadi mvi zikamwota.

Baba alikuwa fundi magari mstaafu. Sasa alitembea kwa kushika ukuta, na mikono yake, kwa maneno yake mwenyewe, haikuweza hata kushika kikombe. Kitinda alimnywesha chai.

Kisha Kitinda akapata kazi ya kuendesha basi la shule, mji mwingine. Hatimaye dada mkubwa alikubali kumpokea mzee, sharti Kitinda ampeleke kwa gari lao kuukuu. Gari la kukodi mzee alilikataa katakata. "Sipandi gari nisiloijua injini yake," alisema, na huyo ukimbishia utakesha.

Gari lenyewe likaanza kuvuja oili. Ilitoka chini ya kifuniko cha juu cha injini, ikadondokea bomba la moto la ekzosi, moshi ukajaa uani. Kitinda alibadilisha gasketi, ule mpira wa kuziba pale, kama baba alivyomfundisha: futa, panga, kaza bolti kuanzia katikati. Ikavuja. Akalaumu duka, akanunua nyingine. Ikavuja tena. Shule ikampa nafasi ya mwisho: Jumatatu awe kazini, la sivyo wachukue mwingine.

Jumamosi alifungua injini kwa mara ya tatu, kwa spana ya kuazima kwa jirani, maana namba kumi yao ilikuwa imepotea. Akauvuta ule mpira. Nyuma, pembeni kabisa, ulikuwa umekatwa. Mpira uliokaushwa na moto hupasuka ovyo ovyo. Huu ulikatwa kwa wembe, mkato mmoja ulionyooka, wa mkono usiotetemeka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kitinda alikalia debe, mikono imejaa oili, akamchukia baba yake kwa moyo wote. Halafu akakumbuka kwamba mikono ile ndiyo iliyomjengea mama jiko la nyumba hii, akashindwa kuendelea kumchukia, na hilo likamkasirisha zaidi.

"Mwanangu!" sauti ikaita kutoka ndani. "Imevuja tena?"

Akanawa, akaingia. Alimwinua mzee ili amwekee mto vizuri mgongoni, vidole vikagusa chuma chini yake. Spana namba kumi. Mzee alikuwa akimtazama, macho yamejaa machozi.

"Kule kwa dada yako ni ghorofani," alisema taratibu. "Nitashushwa siku ya kuzikwa."

Kitinda aliichomoa ile spana. Gasketi mpya, ya tatu, ilikuwa mfukoni mwake; kuifunga ni kazi ya asubuhi moja tu, na spana alikuwa nayo mkononi. Simu ikaita. Ilikuwa shule.

"Dereva, Jumatatu tukutegemee?"

Alimwangalia baba, akaangalia mlango uliokuwa wazi.

"Gari bado linavuja," alisema. "Mchukueni mwingine."

Akairudisha spana chini ya mto, akaenda kumchemshia baba chai. Alipoileta, mzee alinyoosha mkono, akakipokea kikombe mwenyewe.