Fundi Ndiye wa Kwanza Kushuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilitukanwa kabla sijapewa spana. Nilifika kwenye hangari la wabeba mizigo, pale mtaa wa Bel-Air, nimevaa shati jeupe la misa, maana mama aliniambia kazi ni kazi, mtu aende msafi. Mkubwa wa hangari, ambaye sote tulimwita Kapita, alinitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Eh! Balituletea mupadri," akasema. "Kuya hapa, padri. Funga macho."

Nikafunga. Akaniwekea gurudumu mbele ya uso na kuniamuru nipige rayoni kwa ukucha, moja baada ya nyingine. Rayoni ni zile nyuzi za chuma zinazotoka katikati ya gurudumu hadi kwenye janti, yaani duara linaloshika mpira. Zikikazwa vizuri zinalia sauti moja. Iliyolegea inalia kama mtu mwenye mafua. Nilimwonyesha mbili zenye mafua. Kapita akaguna.

"Sikio iko. Shati, tutaona."

Kufikia mchana shati lilikuwa jeusi, na nilikuwa fundi mwanafunzi wa kinga.

Kinga ni baiskeli, nyinyi vijana mnaopanda pikipiki mjue. Wabeba mizigo wetu walitoka hapa Lubumbashi na chumvi, sabuni na vitenge mpaka Kasenga, wakarudi na samaki wakavu. Safari kama hiyo haianzi siku ya kuondoka. Sisi mafundi tuliongeza chuma kwenye furshi, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Tulibadilisha freni, yaani breki. Kisha tulipakia mzigo wote na kuiacha kinga ilale nao, imesimama, kwa sababu rayoni zinajinyoosha polepole chini ya uzito. Asubuhi tulizipiga tena kwa ukucha.

Baada ya hapo ilibaki sheria moja ya Kapita, na hiyo ndiyo iliyonitoa jasho maisha yangu yote. Nje ya Bel-Air kulikuwa na shimo la zamani la mchanga, na njia ya kulishukia ilikuwa ya mawe na kali ajabu. Fundi aliyeifunga kinga alipaswa kuishusha yeye mwenyewe, pamoja na mzigo wote, kabla ya mwenye safari kuigusa. Akifika chini anapiga kengele.

Jioni ile ya kwanza nilimwona fundi mmoja akishuka. Sote tulikodoa macho. Kapita peke yake aligeuka akampa mgongo, akasimama akitazama nyasi. Niliudhika. Nikasema moyoni, huyu mzee ana roho ya jiwe, mtu anaweza kuvunjika shingo na yeye hata hatazami!

Baadaye wenzangu waliniambia kwamba mdogo wake Kapita alikufa kwenye mteremko wa kuelekea mto Luapula, na fundi aliyefunga ile kinga alikuwa nyumbani, ameketi, anakunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi. "Macho ya fundi inapendaka kazi ya mukono yake," Kapita alituambia siku zote. "Ngozi yake njo haisemake bongo." Yaani jicho la fundi hudanganya, ngozi yake haisemi uongo.

Nikapelekwa Kasomeno, kwenye posti ya matengenezo ya njiani. Aliyetawala pale alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha wafu, na kila mbeba mzigo, hata mwenye mvi, alimwita Mama Shefu. Siku moja nilichukua ndoo nioshe kinga iliyobeba chumvi. Alinipiga kofi mkononi, ndoo ikaruka.

"Wee! Unataka kuua muntu? Chumvi haiogake! Utaipa mayi, itakunywa, itaingia mu janti, itakula rayoni kwa ndani. Kwanza burashi, kavu kabisa. Pine inje. Halafu njo mayi."

Sikusahau tena. Pine ni ule mpira, unatoka kabla ya maji. Chumvi ikiwa kavu ni vumbi tu, inapanguswa. Ikipata maji inajificha chini ya mpira, mahali ambapo jicho halifiki na ukucha hausikii kitu, na inatafuna chuma taratibu. Kutoka Kasomeno nilihamishiwa Lukafu, kwa watu wa mahindi, ambako kazi ilikuwa nyepesi nikanenepa, nikaoa. Kapita alipofariki nikaitwa Bel-Air kuwa fundi mkuu. Mke wangu alifariki miaka michache baadaye, tukabaki wawili nyumbani, mimi na binti yangu Odile.

Malori yakaja, pikipiki zikaja, wabeba mizigo wakapungua. Mkubwa wetu mpya, tuliyemwita Prezida, alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu vinavyong'aa, lakini alikuwa na wazo zuri: watu wa hangari waende Pweto, mbali kuliko Kasenga, na kurudi kwa kinga, kila mmoja na mzigo wake wa chakula na vifaa, bila gari nyuma, ili mji ukumbuke sisi ni nani. Odile akawa wa kwanza kuinua mkono. Alikuwa akipeleka chumvi kwa wachuuzi wa vijijini kwa kinga yake, ana miguu kuliko wanaume wengi. Nilitaka kukataa. Ningesema nini, na ni mimi niliyemfundisha kupanda? Nilijua ile miteremko. Mtoto mmoja tu, na safari ambayo ukikosea mahali pamoja hakuna wa kukuokota mpaka kesho.

Alinisukumia kinga yake hangarini ikiwa inametameta kama sahani ya sikukuu. Nikafurahi, nikamtania kwamba leo ameamua kuolewa. Nikaongeza chuma, nikabadilisha freni, nikakaza. Ililala na mzigo. Kesho yake nilipiga rayoni zote, zikaimba sauti moja, safi.

Shimoni watu walikuwa wameshafika, maana msafara ulipaswa kuondoka siku iliyofuata. Goti langu la kulia lilikuwa limevimba tangu wiki hiyo. Prezida akaniona nikichechemea.

"Papa Donati, bantu beko banangojea. Kinga iko muzuri, hata kipofu anaona. Tuache ile mambo ya zamani."

"Prezida, na heshima yako, ile mambo ya zamani njo ilituleta mpaka leo."

Odile akashika usukani. "Papa, goti yako haiko muzima. Acha miye nishuke."

"Nani alifunga hii kinga?"

"Ni weye, papa."

"Basi toka mbele yangu."

Nikapanda. Mzigo ukanisukuma kabla sijakaa vizuri. Nusu ya kwanza ilikwenda sawa, nikaanza kujiona mpumbavu wa bure. Kisha nikakaza freni kwenye kona, nikasikia tak. Moja. Halafu tak, tak, na gurudumu la nyuma likaanza kucheza kama mlevi. Nikajua limekufa. Nilitupa kinga upande wa mchanga, nikaanguka nayo, mzigo ukaniangukia mkono. Yesu wangu! Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na bado mkono ukavunjika.

Odile alinifikia wa kwanza, analia. Nilimwambia anyamaze aitoe pine. Tulipoitoa, ndani ya janti kulikuwa na tope jeupe, na vichwa vya rayoni vimeliwa vyekundu.

"Uliosha na mayi?" nikamuuliza.

"Papa, ilikuwa imejaa vumbi ya chumvi. Sikutaka nikuletee kintu ya buchafu. Naoshaka vile kila mara. Sikuwaza pine."

Ningemgombeza vipi? Kwetu mtoto hampelekei mzazi kitu kichafu. Mimi mwenyewe nilifika kazini na shati la misa. Heshima yake ndiyo iliyoficha ule ugonjwa, na mimi nilikuwa nimefurahia mng'ao kama mtu ambaye hajawahi kuona Kasomeno. Nilichoweza kufikiria ni mteremko wa Luapula tu, na yeye juu yake.

Prezida alikuja akiwa amechafua vile viatu vyake. Aliinama akaligusa lile tope kwa kidole. "Tutangojea siku ingine moja," akasema. "Hakuna muntu anaenda mbele ya kinga ya Odile."

Mkono wangu ukafungwa kwa vijiti na kitambaa. Kwa hiyo gurudumu jipya nililifunga kwa mdomo. Nilikaa kwenye kigoda hangarini nikaagiza, Odile akafanya: rayoni moja moja, kaza, legeza, piga, sikiliza. Alikosea nikamfokea, akanijibu, nikamfokea tena. Mwishowe gurudumu likaimba. Kinga ikalala na mzigo wake. Mimi sikulala.

Asubuhi tukarudi shimoni. Prezida akaniangalia, safari hii hakusema habari za zamani. Nikatafuta mtu wa kushuka. Nikawaza kushuka mwenyewe kwa mkono mmoja. Nikawaza kumwomba fundi kijana, yeyote, ashuke yeye.

Odile akaniuliza kwa upole, "Papa, nani alifunga hii kinga?"

Nikainama kukagua freni. Aliuliza tena.

"Ni weye," nikasema.

Akapanda.

Hapo ndipo nilipomwelewa Kapita, baada ya miaka yote ile ya kumwona ana roho ya jiwe. Miguu yangu iligeuka yenyewe. Niliupa mteremko mgongo, nikatazama nyasi, maana macho yangu hayakuweza kubeba. Masikio yaliendelea na kazi. Nilisikia mawe yakiruka. Nilisikia freni pale kwenye kona, nikangoja tak, nikabana meno. Mzigo ukagonga. Halafu kimya kirefu, kimya cha kumfanya mtu azeeke, na nikasikia nyuma yangu mama mmoja akianza Salamu Maria.

Kengele ikalia.

Wanangu, tangu siku ile sijafunga kinga nyingine. Mkono uliunga vibaya, ukucha hausikii tena, na hangari sasa lina fundi mkuu anayenigombeza nikikaa kwenye kigoda chake. Ni Odile. Pweto alifika, akarudi ameungua jua, mwembamba, anacheka. Mkipita Bel-Air mpelekeeni kinga zenu, lakini msizioshe, pelekeni na vumbi lake. Jioni akienda kushusha shimoni naenda naye, kwa fimbo. Vijana wanacheka wakiniona nimegeukia nyasi. Waache wacheke. Na wao watazaa.