Muswada wa Kwanza wa Verla

Verla Tollefson aliendesha basi la shule hadi akaota mvi. Aligombea ubunge akabwagwa mara mbili, na mara ya tatu akaingia Bunge la jimbo letu, Dakota Kaskazini, huku Marekani. Muswada wake wa kwanza ulitaka adhabu kali kwa madereva wanaolipita basi linaposhusha watoto.

Kwetu mbunge mgeni lazima ataniwe: muswada wake wa kwanza sote tunaupigia kura ya hapana, halafu tunageuza kuwa ndiyo kabla Spika hajafunga kura. Verla hakudokezwa. Ubao wa kura ukutani ukawaka taa nyekundu tupu, hapana kila mahali, nasi tukasimama tukicheka kama mazuzu.

Akavuta kipaza sauti. "Mnacheka nini? Wewe Duane, kamasi zako nimezifuta mimi! Na wewe Spika, basi lilipokuacha kwenye theluji, nani alirudi kukuchukua? Kaeni chini, nyote!"

Tukakaa. Wallahi, hata Spika alikaa. Vidole vikakimbilia vitufe, ubao ukageuka kijani hadi taa ya mwisho.

Verla akatukagua mstari kwa mstari, kama kwenye kioo cha dereva.

"Haya. Nani bado anataka kushuka atembee kwa miguu?"