Mbwa wa Binti Yangu na Kuku wa Mama

Mama alikubali kuhamia kwetu Kisumu kwa sharti moja, kwamba kuku wake waje naye. Alilitamka akiwa ameketi kitandani, nyumbani kwake karibu na Katito, mguu wake wa kushoto umefungwa bendeji, kwa utulivu wa mtu anayekumbusha jambo ambalo kila mwenye akili amekwisha kulijua. Alikuwa ameteleza jikoni akaanguka, na kwa kuwa alikuwa akiishi peke yake tangu baba afariki, alilala sakafuni asubuhi nzima mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Mimi na mke wangu tulikuwa tumemsihi kwa muda mrefu aje. Sasa alikuwa ameitikia, lakini kwa shingo upande, na nilijua kwamba jambo dogo lolote la kumkera lingemrudisha kwenye nyumba ile tupu.

Jambo dogo lenyewe lilikuwa na miguu minne, nalo lilikuwa likilinda lango letu.

Alikuwa mbwa ambaye binti yetu alituachia alipokwenda masomoni ng'ambo: dume kubwa la rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Hakuwa mkali. Ila hakuwa amewahi kuishi na mnyama mwingine, na kila ndege aliyetua uani alimkimbiza mpaka ukuta ulipomzuia.

Mama alifika kwa gari la kukodi. Nyuma yake palikuwa na tenga la kuku, jogoo mmoja na majike wachache, na paka wake ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Alimtazama mbwa kupitia vyuma vya lango kabla ya kukubali kushuka.

“Huyo ndiye mwenye boma?” aliniuliza.

“Ni mbwa tu, Mama.”

“Mbona anatukagua kama askari wa benki?”

Nilimwamuru mbwa kwa Kiingereza aketi, kama binti yetu alivyomfundisha, naye akaketi. Mama alicheka hata akalishika lango.

“Mbwa anaamriwa kwa Kiingereza, kuku wangu wanaitwa kwa Kijaluo. Watasikilizana kwa lugha gani, mwalimu?”

Mwanzoni tuliwafungia kuku katika stoo iliyo nyuma ya nyumba. Paka alipanda juu ya kabati la jikoni akakataa kushuka. Mbwa naye alilala mbele ya mlango wa stoo, pua yake chini ya ubao, akilia kwa sauti nyembamba kama mtoto aliyenyimwa kitu asichokijua jina. Ilikuwa wazi kwamba hali hiyo haingedumu.

Ni Mama aliyependekeza kwamba wanyama wote walishwe pamoja. Katika nyumba nilimokulia, mgeni haulizwi habari kabla hajala, na watu waliokwisha kutia mikono katika sahani moja hawawezi tena kutazamana kama wageni. Mama aliona kwamba wanyama nao hawangekosa kufuata utaratibu huo. Nililipokea wazo lake kwa furaha, maana lilikuwa zuri, na uzuri wa wazo hunizuia mara nyingi kulichunguza. Chakula chenyewe hakikuhitaji mjadala. Huku Kisumu, kandokando ya ziwa, kila kiumbe hula omena, wale samaki wadogo wa kukaushwa juani: kuku hupewa chembechembe zake, paka humtafuna mkavu, mbwa huchanganyiwa na ugali. Sidhani kwamba mtu wa mahali ambapo kuku hula mahindi na mbwa hula mifupa angaliweza kulifanya kosa letu.

“Mimi nimekulia katika nyumba ya watoto tisa,” mke wangu alituambia kutoka dirishani, alipotuona na sinia, “na sikumbuki chakula hata kimoja kilichotupatanisha.”

“Mlikuwa mnapikiwa kidogo, binti yangu,” Mama akamjibu.

Niliweka sinia katikati ya uani, nikafungua stoo, nikamshika mbwa ukosi. Kuku walikuja mbio. Paka, aliyesikia harufu, alishuka kutoka kabatini kwa mara ya kwanza. Nilipomlegeza mbwa, alianza kula upande wake kwa adabu ambayo ilinishangaza, na kwa kitambo kifupi wote waliinamia sinia moja, vichwa vikipanda na kushuka.

“Mnaona?” Mama alisema.

Kisha jogoo akaingia ndani ya sinia kwa miguu yote miwili, akamdonoa samaki aliyekuwa karibu na mdomo wa mbwa. Mbwa alinguruma. Jogoo hakuwa amewahi kuishi na mbwa, kwa hiyo hakujua kwamba ameambiwa neno. Akadonoa tena. Yaliyofuata yalikwisha kabla sijanyoosha mkono: sinia lilipinduka, jogoo akarukia ukuta, na jike jeupe lililokuwa nyuma yake likanaswa mkia. Nilipiga kelele kwa lugha zote ninazozijua. Mbwa aliachia, manyoya yamemjaa mdomoni, akanitazama kama mtu anayengoja kuelezwa. Ni paka peke yake aliyeondoka na alichokijia.

Mama alimpakata kuku yule, akambonyeza mifupa taratibu kwa dole gumba, bawa moja, kisha la pili.

“Kesho nitafutie gari,” alisema.

“Mama, kuku ni mzima.”

“Nimeona ni mzima. Nitafutie gari.”

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilisema kwamba mbwa anaweza kutafutiwa watu wengine wa kumtunza. Alitikisa kichwa.

“Sikuja kumfukuza mbwa wa mjukuu wangu. Yeye ametangulia hapa. Lakini kuku hawa ndio wanaoniamsha, wuoda.” Yaani, mwanangu. “Nisipokuwa na wa kufungulia mlango asubuhi, nitaamka kwa ajili ya nini?”

Nilimwomba angoje angalau mpaka bendeji ifunguliwe, naye akakubali, kwa kuwa hata hivyo hakuweza kutembea mbali.

Nilipotafakari, niliona kwamba tulimvika mnyama desturi yetu. Kwetu sisi, sahani ndipo ugeni unapoishia. Kwa mbwa, sahani ni mahali pekee asipokuwa na ndugu. Kwa hiyo tulikitoa chakula kabisa katika shauri hili. Mbwa alilishwa nyuma ya nyumba, kuku walilishwa alfajiri kabla hajafunguliwa, na paka alipelekewa chakula chake juu ya kabati. Tuliugawa ua sehemu mbili kwa wavu wa waya. Leso kuukuu iliyotandikwa ndani ya tenga tuliiweka mahali pa kulala mbwa, na gunia alilokuwa akililalia tukalipeleka kwa kuku, ili wazoeane kwa harufu. Mbwa aliinusa ile leso pindo kwa pindo, akirudia pale alipotilia shaka, kisha akailalia.

Kila jioni niliporudi kutoka Maseno, ninakofundisha, nilikaa na mbwa upande wetu wa wavu, kamba mkononi, mbali kiasi cha kumwezesha kuwatazama kuku bila kukakamaa. Akiwatazama, nilinyamaza. Akigeuka kunitazama mimi, nilimkuna shingo. Mwili wake ukijikaza, tulirudi nyuma hatua chache bila kukaripiana. Ni kazi inayochosha, isiyo na la kusimulia. Mama aliketi upande wa pili, mguu wake juu ya kigoda, na kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya, tulizungumza. Tulizungumza juu ya mvua ya kwetu Nyakach, juu ya baba na ukaidi wake, juu ya shamba ambalo nusu yake huchukuliwa na maji kila mafuriko. Hatukuwa tumezungumza hivyo tangu nilipooa. Nadhani mbwa alifikia kuisikia sauti ya kuku na sauti yetu kama kitu kimoja, kelele za jioni zisizomhusu.

Jioni moja alipiga mwayo, akalala akiwapa kuku mgongo.

“Amechoka nao,” Mama alisema. “Hata mimi kuna siku hunichosha.”

Paka hakuhitaji utaratibu wowote. Alishuka siku aliyoamua mwenyewe, akamzaba mbwa kofi moja la pua, na tangu hapo mbwa humpisha mlangoni.

Bendeji ilifunguliwa, na baada yake tukaufungua wavu, kwanza nikiwa na kamba mkononi, kisha bila kamba. Mama hakutaja gari. Mimi nami sikuthubutu kulitaja, wala mke wangu, na kwa muda mrefu tuliishi hivyo, kila mmoja akilizunguka neno hilo kama kisima kisichofunikwa.

Jumapili moja shemeji yake Mama, anayeitunza nyumba ya Katito, alimpigia simu. Mama hufungua spika kwa sababu ya masikio yake, hivyo tulisikia yote.

“Tumekufyekea nyasi mpaka mlangoni,” alisema yule mzee. “Na nimesikia mbwa wa huko amekula kuku wako. Si nilikwambia mji una mambo?”

“Hakumla. Alimkosea heshima tu, na wamekwisha kuyamaliza.”

“Sasa unarudi lini?”

Mke wangu aliacha kuchagua mchele. Mama alitazama uani.

“Desemba nitakuja na hawa watoto, tuwasalimie.”

“Kutusalimia? Kwani umekuwa mgeni?”

“Huko ni kwangu, na nitazikwa huko,” Mama alisema. “Lakini nikiondoka hapa, nani atawafungulia kuku? Huyu mwanangu huamka jua limeshapanda.”

Mzee alicheka, akaanza kumsimulia habari za ng'ombe. Mama alinipa ishara nimsogezee kiti kivulini, maana mazungumzo yalikuwa bado marefu.