Kaa Pembeni

Juzi nilitoka nyumbani, jambo ambalo wanaonijua watalitilia shaka, nikapita kwenye uwanja wa Mlingotini. Kocha mmoja kijana alikuwa akiwapigia kelele wachezaji wake: "Pembeni! Panueni uwanja!" Mwili ukanisisimka, ndugu yangu, kana kwamba nimeitwa mimi.

Enzi zetu upande wa kulia wa uwanja ule haukuwa wetu. Akina mama walianika mwani pale, na harufu yake ilikufuata mpaka kwenye wali wa jioni. Kwa hiyo wote tulibanana katikati, kama dagaa kwenye ungo.

Mwalimu wa michezo akachoka. Siku walipokuja watoto wa Lugoba, alimwendea jirani yetu, mwenye mwani mwingi kuliko wote.

"Shikamoo mama. Nipe upande huu leo tu. Nataka wapite pembeni, wamimine krosi."

"Marahaba. Nitauanua. Lakini wakibanana tena huko katikati, mwalimu, naanika mpaka golini!"

Basi nikawekwa winga wa kulia. Si kwa kipaji. Nilikuwa mwembamba, na katikati hata mtu akikohoa naanguka. Mpira ulipoanza tu, miguu ikanipeleka kulekule walikojaa wenzangu. Mwalimu akapaza sauti: "Wewe! Kaa pembeni!"

Sasa mimi ni mtoto wa bibi. Kwetu wageni wakija ukaambiwa kaa pembeni, unaketi na kunyamaza. Nikaenda mpaka kwenye mstari wa majivu, nikaketi. Nikakunja na miguu.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Beki wa Lugoba aliyekuwa akinikaba akauliza, "Huyu anasubiri chai?" Akaniacha, akaenda zake katikati. Jirani naye akavuta tenga lake, akaanza kuumwaga mwani palepale.

Kiungo wetu akaona njia nyeupe, akaupiga mpira mrefu kuja kwangu.

"Inuka! Kimbia!" alipiga kelele mwalimu.

Niliinuka na mchanga wangu matakoni, nikakimbia, mbele hapana mtu! Karibu na kona nikakumbuka alivyotufundisha: tazama kwanza, ndipo umimine. Nikatazama. Nikamimina. Mshambuliaji wetu akaruka, kichwa, goli!

Wee! Jirani alilitupa tenga, akapiga vigelegele. Tangu siku hiyo akawa anaanika nyuma ya nyumba yake, na kila jioni ya mazoezi alisimama kwenye mstari akitufokea kuliko hata mwalimu: "Unakimbilia katikati, kuna pilau huko?"

Mwalimu alihamishwa. Jirani ametangulia mbele ya haki. Kocha yule kijana ana filimbi na koni za rangi, na kazi yake anaijua, sikatai. Nilisimama pale mpaka mwisho. Winga wake mmoja aliingia katikati mapema, akapoteza mpira kizembe kabisa, na hakuna mama hata mmoja aliyemfokea.